Bawaba Akandwa Baharini

Nyumba ikibomolewa popote pale mjini, mwanamke waliyemwita Bawaba alifika kabla vumbi halijatulia. Hakuja kutazama, alikuja kununua milango. Yadi yake ilikuwa kando ya barabara ya malori, na ndani yake milango ilisimama safu kwa safu, imeegemezwa kwenye vyuma: ya mbao, ya bati, ya vioo vyenye maua, yote imefungwa na hakuna hata mmoja uliokuwa na nyumba. Asubuhi, ukungu ukishuka, mgeni aliyepita getini angedhani ameingia mtaa ambao kuta zake zimeondoka kimyakimya na kuiacha milango ikilinda. Bawaba hakuwa na nafasi ya kudhani. Jina lilimganda kwa sababu hakununua mlango kabla ya kuusimamisha, kuufungua na kuufunga huku sikio lake limekaribia chuma.

"Mbao ukiipaka rangi inakubali kudanganya," alisema. "Bawaba haikubali. Ni kama goti, lazima litaje umri."

Alianza na dirisha moja, alilopewa na fundi badala ya ujira wa kubeba matofali. Dirisha likazaa mawili, mawili yakazaa mlango, na kwa mwendo huo akafika alipofika, bila mjomba wa kumshika mkono wala benki ya kumwamini. Kilicholipia safari hiyo ni bega la kulia. Mkono wake sasa ulipanda hadi usawa wa kidevu ukagoma, na nywele alizichana kwa kushoto. Usingizi nao ulikatwa humo humo. Malori ya mabomoko hufika alfajiri, na mwenye yadi anayelala kwa macho yote mawili huamka akakuta milango yake inauzwa mtaa wa pili.

Mbele ya yadi, kikitazama barabara, palikuwa na chumba kimoja cha matofali alimohifadhi milango ya bei kubwa. Chumba hicho ndicho kilicholeta maneno.

Wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, alikuwa msusi. Mtaani walimwita Vidole. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa inafungwa kwa sababu mwenyewe amechoka nayo, na Vidole hakuwa na pa kwenda ila kurudi kusukia watu barazani kwa kaka yake. Lakini alikuwa ameona jambo. Wateja walikuja kwa ajili ya nywele, ila alipowasugua shingo kidogo ili kichwa kilegee, walifumba macho na kumwambia aache nywele kwanza, aendelee hapo hapo. Akapata wazo la chumba cha kukanda watu.

"Wifi, kile chumba cha mbele kinakaa milango tu," alimwambia Bawaba. "Milango haina haja ya kuona barabara."

"Muuza gesi naye ameniambia hivyo hivyo. Tena yeye ana mitungi tayari. Wewe una nini?"

"Mikono."

"Mkono mtupu haulambwi."

"Huu haulambwi, wifi. Huu unakanda."

Bawaba alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa na saini. Kwa hesabu ya kawaida muuza gesi alikuwa mpangaji wa maana: watu hupika kila siku. Kukandwa, alivyojua yeye, ni kitu cha watu wasiojua wapeleke wapi mchana wao. "Sijawahi kumlipa mtu anishike mgongo," alisema. "Siwezi kutoa chumba kwa kitu ambacho sijakifungua nikakifunga."

Basi ikatokea habari ya meli. Meli moja ya kitalii, nyeupe na ndefu kama mtaa uliolala ubavu, ilikuja bandarini kukarabatiwa, na milango ya kabini zake za zamani ikang'olewa. Bawaba aliinunua yote kwa wakala mmoja mwenye tai. Fungu la mwisho la milango likalowa maji na kuvimba kama mkate, na wakala, badala ya kurudisha fedha, jambo ambalo mawakala hawalipendi, akatoa tiketi mbili za safari ya siku nne kwenye meli hiyo hiyo, iliyokuwa inarudi kazini nusu tupu. Bawaba alizigeuza tiketi, akaona haziuziki kwa mtu mwingine, akazichukua.

Mumewe alikataa kwenda. "Mimi hata nikioga kwenye beseni kichwa kinazunguka," alisema. "Nitalinda yadi. Nenda na wifi yako."

Jioni hiyo Bawaba alimwita Vidole, akamwekea jambo mezani bila kulizungusha. "Huko melini kuna hao wakandaji wenyewe, wa bei. Nitalala kwenye kitanda chao. Nikiona kitu kina thamani ya bei yake, chumba ni chako. Nikiona ni upepo, mwenye mitungi anaingia. Usije ukanililia."

"Sitalia," alisema Vidole. "Nitakuombea tu mgongo wako useme kweli."

*

Ndani ya meli hapakunuka bahari. Hilo ndilo lililomshangaza Bawaba kwanza. Palinuka taulo safi na kitu kama limau la mbali. Zulia lilimeza nyayo, muziki usio na mwimbaji ulitoka kwenye dari, na korido zilifanana hivi kwamba mtu alitembea mpaka akahisi kuwa korido ndiyo inayotembea na yeye amesimama. Watu walipita wamevaa majoho meupe mchana kweupe, hawaendi popote, wakitabasamu kama wagonjwa walioambiwa wamepona. Nje ya vioo maji yalikuwa ya buluu na hayakuisha.

Bawaba aligonga mlango wa kabini yao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Ndani ni karatasi," alisema. "Ile ya zamani niliyonunua mimi ilikuwa mbao. Wameboresha kwa kuharibu."

"Wifi, tazama dirishani," alisema Vidole. "Kwa nini unagonga mlango na dirisha lipo?"

Spa, mahali pa wakandaji, ilikuwa sitaha ya juu kabisa. Msichana wa mapokezi aliongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelazwa nyuma yake. Akawapa kadi yenye orodha ya huduma: mawe ya moto, mvuke, mwani, matope.

"Matope?" aliuliza Bawaba. "Mtu analipa ili apakwe matope?"

"Ni matope ya kilindini, mama. Yana madini."

"Yadini kwangu mvua ikinyesha tunapakwa bure, na madini yake ni misumari."

Msichana hakucheka. Alisema kuna ofa, ya leo tu. Bawaba alitazama bei, akairudisha kadi kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha samaki aliyeanza kunuka. Katika maisha yake yote hajawahi kuona ofa ya leo tu iliyokosekana kesho.

Hakuondoka, hata hivyo. Alichukua kiti mkabala na mlango wa spa, akakaa kama anavyokaa mbele ya duka la mshindani wake, na kutazama watu wanavyotoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alitaka kuona hiki kinafanya lipi. Watu walitoka polepole, nyuso zao zimelainika, mistari ya mto imewachora mashavuni. Akamsimamisha mama mmoja mnene mwenye miwani.

"Samahani dada. Ulikuwa unaumwa wapi?"

"Kiuno."

"Kimepona?"

Yule mama alifikiri sana, akiangalia bahari. "Sijui. Lakini nimesahau jina la bosi wangu."

Wa pili, mwanamume mwenye kaptura, alitoka amekumbatia mfuko wa karatasi kwa sura ya mtu aliyezindukana katikati ya mnada. "Ameniuzia mwani," alisema, akionyesha chupa. "Mimi naishi ufukweni. Mwani unanifuata mpaka mlangoni."

Bawaba aliyaweka yote mawili kichwani. Kisha akafanya ujirani na mzee aliyefuta reli za sitaha, akamuuliza ni siku gani wakandaji hukosa kazi. Mzee alijibu bila kuinua kitambaa: siku meli ikitia nanga, abiria wote wakishuka kutembea. Siku hiyo bei huteremka yenyewe, wala hakuna anayejua kwa sababu hakuna aliyebaki.

"Umesikia?" alimwambia Vidole. "Kitanda kitupu ni kama mlango ulioegemezwa. Kila saa inayopita unamla mwenyewe. Tutasubiri."

"Na tukisubiri tunafanya nini?"

"Tunasubiri."

Na kweli hapakuwa na kingine. Siku zile ziliyeyuka moja ndani ya nyingine. Walikula, walitazama maji, walilala wakaamka bila kujua kama jua linapanda au linashuka. Vidole alikaa saa nzima akitazama mapovu yanavyoachwa nyuma na kufutika. Hakusema kuwa nyumbani saluni inatolewa vioo na viti, kimoja baada ya kingine. Bawaba alijua anachofikiri, lakini biashara haina huruma.

*

Siku ya tatu meli ilitia nanga kwenye mji wa kisiwa. Abiria walimwagika nje na kofia zao, na meli ikabaki kimya kama shule siku ya likizo. Mawifi wawili wakapanda juu.

Bei ilikuwa imeshuka, kama mzee alivyosema. Bawaba aliomba ishuke tena, si kwa kuwa alitarajia, ila kwa adabu ya kazi yake. Msichana alisema bei za humu hazibishaniwi. "Sawa," alisema Bawaba. "Basi wifi yangu ataingia akae na kutazama."

"Hairuhusiwi, mama."

"Basi tunashuka tukanunue machungwa."

Walikuwa wamefika ngazini sauti ya chini ilipowaita. "Mama, subirini kidogo."

Mkandaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana na viatu vyeupe vya mpira. Alimpa Vidole kigoda pembeni. Alimwuliza Bawaba anaumwa wapi, akasikiliza, hakuandika kitu. Kisha akatoka ili mteja ajilaze.

Kitanda kilikuwa na tundu la kuwekea uso. Bawaba aliingiza uso wake humo na kuona sakafu. Alikuja kukagua, akaanza kukagua: miguu ya kitanda chuma cha kawaida, godoro jembamba, taulo nzuri, kuta ubao wa bei poa uliofunikwa kitambaa. Viatu vyeupe vikaingia, vikasimama chini ya macho yake. Mafuta ya vuguvugu yakashuka katikati ya mgongo kama mtu anayepitisha habari kwa upole. Mikono ikafuata. Haikuwa na haraka. Ilikwenda mbali, ikarudi, ikaenda mbali, na chini kabisa ya kila kitu injini ya meli ilinguruma kama paka mkubwa aliyeshiba, mngurumo ukapita kwenye chuma, kwenye godoro, kwenye mbavu.

Aliendelea kukagua. Alijiambia: kiunoni sasa. Ubavuni sasa. Akajaribu kukadiria gharama ya mafuta, akakuta amesahau bei ya mafuta. Akajaribu bei ya mbao, ambayo huijua hata akiwa na homa, nayo ikamponyoka, ikaelea mbele yake kidogo, ikazama.

Viatu vyeupe viliondoka vikarudi, na viliporudi sakafu ilikuwa yadi. Milango yote ilikuwa inafunguka, mmoja baada ya mwingine, hakuna anayeigusa, na bawaba zake hazikutoa sauti yoyote. Nyuma ya kila mlango palikuwa na bahari, imetulia kwenye kizingiti, haimwagiki ndani. Bawaba alipita katikati bila viatu. Mumewe alipita na beseni kichwani, akamsalimu kwa heshima kama mteja mpya. Watu walikuja kuuliza bei. Alifungua mdomo kuwajibu, ukatoka upepo wa joto tu, nao wakatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zao, mikono mitupu. Hakuna aliyeharakisha. Lori lilikuja alfajiri, likageuka kuwa wingu, likapita. Alijua, huko huko ndani, kwamba kuna jambo alipaswa kuliangalia kwa makini sana, akalitafuta mlango hadi mlango, na kila alipofungua alilikuta limelala.

"Mama," ilisema sauti. "Mama, tumemaliza. Amka taratibu."

Aliketi. Chumba kilikuwa cha rangi ya asali. Mkandaji alikuwa ameshika trei yenye chupa, na sauti yake ilitoka mahali pale pale ndoto ilipotoka. "Mgongo wako una kiu, mama. Haya ni mafuta ya usiku."

"Sawa," alisema Bawaba.

"Na huu ni mwani wa viungo."

"Sawa."

"Na chumvi ya kuogea, ili kazi ya leo isipotee."

"Sawa. Asante, mwanangu."

Kwenye kigoda Vidole alikohoa. Alikohoa mara ya pili kwa nguvu zaidi. Bawaba alitabasamu upande wake, akagusisha kadi ya kabini kwenye mashine, akatoka.

*

Ilichukua upepo wa sitaha na kikombe cha chai ya tangawizi kumrudisha mtu mwilini mwake. Bawaba alitazama mfuko wa karatasi uliokuwa magotini pake.

"Hizi chupa za nani?"

"Zako, wifi."

"Nilipunguziwa kiasi gani?"

Vidole alitazama bahari. "Hukuomba."

"Sikuomba nini?"

"Kupunguziwa. Ulisema sawa. Ukasema tena. Ukasema tena. Halafu ukamwita mwanangu, na yule ni rika lako."

Vidole alicheka mpaka akashika reli. Alicheka kicheko cha wifi, ambacho hakina huruma na hakina ubaya, na alikuwa amefika mbali nacho alipouona uso wa mwenzake. Hapo akakumbuka chumba, na kicheko kikamkwama.

"Alinifanya nini mle ndani?" aliuliza Bawaba polepole.

"Alikukanda."

"Begani?"

"Begani pia. Lakini ulianza kukoroma hajafika begani."

Bawaba aliweka kikombe chini. Tangu dirisha lile la kwanza hajawahi kununua kitu bila kukijaribu, na leo amelipia kitu akiwa hayupo. Aliinua mkono wa kulia. Ulipita kidevu, ukafika sikioni, na moyo wa Vidole ukapanda nao. Lakini kufikia wakati abiria wa kwanza walipoanza kurudi na vikapu vyao, mkono uligoma tena kidevuni, pale pale pa siku zote.

"Basi nimepata jibu," alisema Bawaba. "Nimelipa bei ya mlango, na kazi yake imekaa hadi jioni tu. Muuza gesi ataingia."

"Wifi, ulilala. Tangu nikujue sijakuona umelala mchana."

"Usingizi ninao nyumbani, bure."

"Unao. Hujawahi kuutumia."

"Usinichezee maneno. Nilikuja kununua bega. Bega liko wapi?"

 Vidole alikunja mikono yake mapajani, kidole juu ya kidole, akatazama mji wa kisiwa uliokuwa unaelea kwenye joto kama kitu kilichochorwa na mtu asiye na uhakika. Alikuwa ameahidi kutolia, na hakulia.

Bawaba alinyanyuka na mfuko wake. Jambo la wifi lilikuwa limekwisha. Jambo la chupa halijaisha. Hakuna mtu duniani aliyemwuzia Bawaba vitu vitatu kwa bei ya kuandikwa, na hakutaka meli hii iwe ya kwanza.

Alimkuta mkandaji peke yake, akikunja taulo. Mapokezi hapakuwa na mtu. Akaweka chupa mezani kimya kimya. Mkandaji alizitazama, akashusha pumzi.

"Mama, ukirudisha, mimi ndiye ninakatwa. Sehemu kubwa ya huduma yenyewe ni ya mwenye spa. Mimi ninaishi kwa chupa."

"Nalijua hilo. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda mapokezi. Kwa nini hukuniuzia kabla sijalala?"

Mkandaji alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu wa soko. "Tumefundishwa. Usimwuzie mtu aliyesimama."

Bawaba aliona haya, na papo hapo, nyuma ya haya, akaona biashara. Alivuta kigoda akakaa. "Nikirudisha chupa, kamisheni inarudi nazo. Nikibaki nazo, inabaki. Sasa niambie, nikibaki nazo unanipa nini?"

"Mimi sina cha kukupa, mama."

"Una mikono. Wifi yangu anataka kazi hii. Mfundishe."

"Zibaki tatu?"

"Moja."

"Mama, moja ni kama kunipa pole. Tatu."

"Mbili, na chumvi unaichukua. Chumvi siinunui baharini."

Mkandaji alitazama mlango, akatazama saa ya ukutani, akafunga kufuli kwa ndani. "Mwite haraka, kabla hawajarudi wote."

*

Kwa hiyo Bawaba akalala kwenye kitanda kile kwa mara ya pili siku hiyo, bila kulipa, na safari hii aliapa hatafumba jicho. Alichukua orodha ya mbao na bei zake akaishika kichwani kama mtu anayeshika kamba.

Vidole alianza. Vidole vyake vilikuwa na nguvu na kasi, vikapita mgongoni kwa vipande vipande.

"Unatafuta chawa?" aliuliza mkandaji.

"Nimezoea kichwa."

"Mgongo hauna mistari. Usipasue njia. Tumia kiganja. Egemea, acha mwili wako ufanye kazi, mkono uwe njia tu. Na usikimbie. Ukikimbia, naye anakimbia huko ndani."

 Injini ilinguruma. Bawaba alihisi mkono mwingine ukija, mzito zaidi, usio na uhakika, ukijifunza jinsi ya kukaa. Mara mbili yadi ilianza kujifungua mbele yake, na mara mbili akaifunga kwa kutaja bei ya mninga. Kisha kidole gumba kikapita chini ya mfupa wa bega, kikasita, kikarudi.

"Hapa pana kitu," alisema Vidole.

"Usipabonyeze. Pasubiri," alisema mkandaji.

Vidole akapasubiri. Maumivu yalikuja taratibu, ya zamani, kama msumari unaotolewa kwenye ubao ulioukubali. Bawaba aliuma taulo. Hakulala. Aliisikia kila hatua ya msumari ule, na alijua, kwa namna anavyojua mlango, kwamba anayeushika haachi katikati.

Baadaye aliinua mkono. Sikioni. Hakusifu. Alimgeukia mkandaji, akamwuliza swali lake bila kulifunika. "Kesho utarudi kidevuni?"

"Kesho, au leo jioni. Mara moja ni mapambo, mama. Bega la namna hiyo linataka leo, na keshokutwa, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Hapa mtu anakandwa mara moja, anashuka, hatumwoni tena. Mimi sijawahi kujua bega la mtu limeishia wapi."

Bawaba alivaa akiwa ameduwaa kidogo, si kwa mafuta. Kumbe hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Melini unanunua taulo, kioo, bahari na usingizi. Kama usingizi ndio unaoukosa, nunua, tena siku ya nanga, na uache chupa. Lakini bega halinunuliwi na mtu anayepita. Bega linanunuliwa na mtu anayerudi, na mtu hurudi mahali palipo karibu, penye mlango unaotazama barabara, kwa mkono anaoujua. Malori yanapita pale yadini mchana kutwa. Kila lori lina dereva, na kila dereva ana mgongo.

*

Siku ya mwisho bahari na mbingu zilikuwa rangi moja, na meli ilirudi nyumbani kama kitu kinachoning'inia. Baada ya chakula cha mchana Vidole alijitupa kitandani, akageukia ukuta. Hakuwa ameuliza kitu tangu jana. Bawaba hakuwa amesema kitu. Alimtazama mgongo, akachukua simu, akampigia mumewe mtandao uliporudi.

"Baba watoto, ile milango ya chumba cha mbele, anza kuipeleka nyuma."

Sauti ya mumewe ilijaa kabini. "Yote? Muuza gesi anaingia lini?"

"Haingii."

"Mtu wa gesi atanuna. Nimwambie nini? Alikuwa hapa asubuhi, kabeba mtungi, kiuno kimemkaa upande."

"Mwambie kiuno chake kina nafasi wiki ijayo. Chumba hakina."

Alikata simu. Kwenye kitanda cha pili mgongo wa Vidole ulikuwa hautembei kabisa, kama mgongo wa mtu aliyezuia pumzi.

Bawaba alitazama dirishani, akaanza kuongea taratibu, kama anaongea na ukungu. "Mtu akichukua chumba changu atalipa kodi aliyotaja muuza gesi. Undugu uko sebuleni, sio kwenye chumba cha biashara."

Akapangusa kioo kwa kiganja, akaongeza.

"Na bega langu litakandwa kila wiki, bila malipo."

"Kodi ya muuza gesi ni ya mtu mwenye mitungi," ilisema sauti ya Vidole kutoka ukutani.

"Kumbe uko macho."

"Nimelala. Ni kodi ndiyo imeniamsha. Nipe nusu yake kwa miezi ya kwanza. Bega nakupa."

"Nusu, na mafuta tuuze. Tutayachemsha wenyewe. Wateja utawauzia kabla hawajaamka vizuri."

Vidole aligeuka, akaketi, nywele zimesimama upande mmoja, macho mekundu kidogo. "Hapana. Siwezi kumwuzia mtu aliyelala. Nilikuona jana, wifi. Ulikuwa kama mtoto aliyetumwa dukani. Nitawauzia wakisimama."

"Aliyesimama hanunui."

"Basi asinunue."

Bawaba alimtazama muda mrefu, kama anavyomtazama mtu aliyemjia na bei asiyoitarajia na asiyekusudia kuiteremsha. Nje ya kioo nchi kavu ilianza kutokea, mstari mwembamba usio na rangi, usiojulikana bado kama ni ardhi au ni wingu lililokaa chini.

"Wakiketi," alisema hatimaye.

Vidole alifikiri. "Wakiketi, na wameshakunywa maji."

"Maji unanunua wewe."

"Maji nanunua mimi," alisema Vidole, akanyoosha mkono, na Bawaba akaupokea kwa mkono wa kulia.